Rupia Ndani ya Godoro

Siku niliyoikuta nilikuwa natandika kitanda tu. Niliinua kona ya godoro, upande ninaolalia, nipate kuchomeka shuka, kidole kikagonga kitu kigumu. Nikapapasa. Kitambaa cha godoro kilikuwa kimechanwa kidogo kisha kikashonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo ya mtu anayejua kazi yake. Mimi kushona sijui, na uzi mweusi sijawahi kununua.

Nilifumua kwa wembe. Ndani mlikuwa na kipande cha kitenge kilichochakaa hata rangi yake haijulikani, kimefungwa kwa ukambaa wa mgomba, na ndani ya kitenge, sarafu. Ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria ya mkaa, ina tundu karibu na ukingo. Upande mmoja kulikuwa na mwanamume mwenye sharubu, amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ndege amekunjua mabawa. Upande wa pili simba amesimama mbele ya mti mrefu, na kuzunguka hapo maandishi ambayo si Kifaransa wala Kiingereza. Niliiachia ikaanguka sakafuni. Niliogopa mpaka nikajikojolea kidogo, na mwenye kutaka kucheka acheke.

Lakini kwanza ajue hofu yangu ilitoka wapi. Mimi ni Christella, Mnyarwanda niliyezaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao watu wake hata kuota wanaota kwa Kiswahili. Nimekua nikisikia habari za fulani aliyekuta kitu mlangoni, na fulani aliyekuta kitu chini ya mto. Zawadi mtu hupewa mkononi. Kinachoshonwa ndani ya godoro lake bila yeye kujua kina jina lingine. Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, zote mbili zikiwa zimeshaanza kucheza tumboni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilishaumwa mara mbili.

Nyumbani kwetu Kagugu, hapa Kigali, tuko watatu. Mume wangu Audace anauza vitanda kule Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi, na kifungo cha shati kikimtoka hukileta kwa mama yake kama mtoto wa shule. Huyo mama yake, Nyiramana, alitoka Ngozi, Burundi, akaja kukaa nasi mimba ilipofika mwezi wa nne. Namwita Mabukwe, kama mkaza mwana anavyopaswa. Yeye ndiye anayeshona. Sikuhitaji mpelelezi.

Audace sikumwambia. Huwezi kumwambia mwanamume kwamba mama yake anakuroga kisha ukabaki na ndoa. Nilikwenda kwa jirani yangu Joselyne, ambaye tunasali naye kikundi kimoja cha maombi parokiani, na ambaye siri akiipata huitunza angalau mpaka jioni. Sarafu nilikuwa nimeiokota kwa kijiti nikaitia kwenye bahasha; niliifungua nikamwonyesha. Alirudi nyuma akashika rozari.

"Weye Christella, usiiguse na mikono," alisema. "Unaona vile iko nyeusi? Bibi yangu alikuwa anasema feza ikikaa na sumu inakuwa nyeusi."

"Tuichome?"

"Oya, kwanza tujue ni pesa ya inchi gani. Kama iko ya Congo, ule murozi, ule muchawi, ni wa Congo, na maombi yake ni ingine. Kama ni ya Tanzania, ni ingine. Huwezi kufunga mulango bila kujua mwizi alipita wapi."

Joselyne ana maombi ya kila nchi, kama ubalozi. Siku nyingine ningemtania. Siku ile niliona maneno yake yana akili kabisa, nikamuuliza ni nani Kigali anayejua pesa za zamani. Akasema Muhima kuna mzee mmoja anayenunua vitu vya kale, anaitwa Gakwaya. Nikasema nitakwenda, kisha nikapitisha siku kadhaa bila kwenda, maana kuna kitu kibaya zaidi ya kutojua, nacho ni kuambiwa.

Siku hizo zilikuwa ndefu. Kila asubuhi Mabukwe alikuwa ananiletea kikombe cha maziwa ya moto, nami kila asubuhi nikawa na kiungulia. Mchana alipika maharage na isombe, majani ya muhogo, nikasema nimeshakula. Kwetu mtu akikataa chakula chako mara moja, kweli ana kiungulia. Akiendelea kukataa, anakuambia kwamba wewe ni mrozi, ila hajafungua mdomo. Mabukwe alinielewa. Asubuhi moja alikuja na kikombe, akasimama mbele yangu, akanywa yeye kwanza funda zima, kama mwenye nyumba anavyoonja pombe mbele ya wageni ili wajue haina kitu. Akapangusa ukingo wa kikombe kwa kiganja, akakiweka mezani, akasubiri.

Nilimtazama koo lake likishuka na kupanda. Mwenye sumu hakosi dawa ya sumu yake, nikajiambia. Alipotoka nikayamwaga maziwa kwenye karai. Kesho yake akaonja tena, na keshokutwa, macho yake yakiwa chini. Mimi niliishi kwa ndizi nilizomenya mwenyewe na mayai niliyochemsha mwenyewe. Nikisimama naona nyota. Mtoto alikuwa bado anacheza, lakini kila alipotulia nilimgusagusa kwa vidole mpaka anijibu, maskini wa Mungu, hata usingizi nikawa namnyima.

Asubuhi kichwa kilipoanza kunigonga hata nikiwa nimelala, nilipanda pikipiki nikashuka Muhima.

Duka la Gakwaya ni jembamba kama ujia, limejaa saa zilizokufa na redio zilizo njiani kufa. Mwenyewe ni mzee mnene aliyekulia Bukoba, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nilimwamkia, akanivutia kiti kabla hajaniuliza shida yangu. Niliinamisha bahasha, sarafu ikateleza juu ya kioo cha meza.

"Mbona hutaki kuishika?" aliuliza. "Haina meno."

Aliipima kwenye mizani ndogo. Akaisogezea sumaku, haikushika. Akaiangusha juu ya meza kutoka juu kidogo, ikalia mlio mrefu mwembamba, naye akainamisha sikio akitabasamu. Mimi mlio ule ulinipita mgongoni.

"Ni fedha ya kweli," alisema.

"Mbona ni nyeusi?"

"Fedha ndivyo ilivyo, mama. Jasho, moshi wa mkaa, hata kukaa tu. Wazungu wana vijiko vya fedha vinageuka vyeusi kabatini, na wanaendelea kulia supu. Hii ni rupia ya Mjerumani. Inatoka wakati ule Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa mikononi mwake. Huyu mwenye sharubu alikuwa mfalme wao. Wapagazi na askari walilipwa rupia kama hizi, ndiyo maana mpaka leo zinaibuka majumbani mwa watu."

"Si ya Congo?"

"Congo haimo."

Basi maombi ya Congo yakaanguka. Nilitaka kufurahi, lakini mzee alikuwa ameshachukua kioo chake cha kukuzia, ameinama juu ya sarafu, na uso wake umebadilika kidogo, uso wa mnunuzi aliyeona kasoro.

"Ingekuwa nzima ningekupa elfu sitini, na bado ungeniita mwizi," alisema. "Lakini wakusanyaji hawataki sarafu yenye tundu. Huyu alitaka kuivaa. Na tena kuna hizi. Njoo uone."

Alinipa kioo. Ukingoni mwa sarafu, zimepangana upande mmoja, palikuwa na alama sita zilizokatwa kwa kisu.

"Hazikukatwa siku moja," alisema Gakwaya. "Hii ya kwanza imeshalainika, na weusi wake ni ule ule wa sarafu. Hii ya mwisho bado ina makali kidogo. Mtu alikuwa anahesabu kitu hapa, kwa miaka mingi."

"Alikuwa anahesabu nini?"

"Mimi napima fedha, mama. Hilo kaulize nyumbani."

Nyumbani. Mtu anahesabu nini kwenye kitu atakachokificha chini ya mwanamke mjamzito? Nilizitazama zile alama, na zile mbili za mwisho nikazijua kama anavyojua mtu makaburi ya kwao. Mmoja wangu, na mwingine wangu. Na baada ya hapo ukingo ulikuwa laini, una nafasi. Mtoto akajigeuza tumboni, nikajiinamia bila kujua kwamba nalia.

"Inunue," nilisema.

"Kwa hali hii nakupa bei ya uzito tu, elfu kumi na tano. Lakini ningekuwa wewe ningekaa nayo. Kitu chenye alama za mkono wa mtu ni cha ukoo. Nenda ukaulize kwanza."

"Inunue na uiyeyushe. Sasa hivi, nikiona."

Alinitazama tumbo, akanitazama machozi. Mfanyabiashara hana haja ya kubishana na mjamzito anayelia mbele ya wateja. Akamwita Ndihokubwayo, sonara aliye mlango wa pili, na tukaingia kwake wote watatu. Sonara aliiweka rupia ndani ya chungu chake kidogo, pamoja na mikufu iliyokatika na hereni zisizo na pacha, akawasha gesi.

Simba alikuwa juu. Moto ulipompitia, masizi yakatoka, na kwa muda mfupi aling'aa mweupe kabisa, kila unywele wa shingo unaonekana, nikaona kwamba kumbe ilikuwa kitu kizuri. Kisha mgongo wake ukalegea. Mti ukazama, mikufu ikazama juu yake, vyote vikawa tone moja linalotetemeka. Nilipokea pesa nikatoka. Njiani nilinunua sambusa mbili nikala nimesimama, na chumvi yake niliisikia mpaka kwenye masikio. Nilijiona mtu aliyetoka gerezani.

Nilipofika Kagugu mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Shuka ziko chini, godoro limeinuliwa ubavu, na Mabukwe amepiga magoti mbele yake, mkono wake umeingia ndani ya godoro mpaka kwenye kiwiko. Vipande vya sponji vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Aligeuka. Nilikuwa nimejiandaa kuona uso wa mtu aliyeshikwa, na haukuwa huo. Alikuwa ameogopa kama mimi.

"Iko wapi?" aliniuliza.

"Nini, Mabukwe?"

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kirundi, "usinicheze. Ile feza iko wapi?"

"Kwa hiyo ni wewe uliyeiweka."

"Ni mie," alijibu, kama vile nimemuuliza nani kapika maharage.

Hapo hasira yote niliyoificha nyuma ya kiungulia ilitoka. Nilimwambia nimeziona alama zake. Nilimwambia nimejua anahesabu watoto wangu, wawili ameshawakata kwa kisu na sasa anamngoja wa tatu. Nilisema mambo ambayo mkaza mwana hasemi. Yeye alinisikiliza mdomo wazi, mkono bado umo ndani ya godoro.

"Waliokufa?" alisema polepole. "Nani anahesabu waliokufa? Zile ni za watoto wamelia, mwana wanje. Wale walizaliwa wakalia."

Akanieleza, kwa Kirundi na Kiswahili chake kilichochanganyika, na nilivyomwelewa ni hivi. Nyanya wa mume wake alikuwa anazaa wafu. Mume wa huyo nyanya alipobeba mizigo ya Wajerumani akalipwa ile rupia, akaitoboa amvalishe mkewe. Mkewe alilala nayo, akazaa mtoto akalia, wakakata alama. Tangu hapo mama mkwe humshonea mkaza mwana rupia hiyo mahali anapolala, kwa siri, maana kwetu mtoto hatajwi kabla hajalia, na kinga yake haitajwi pia, hata kwa mama yake. Mabukwe mwenyewe hakujua kwamba ameilalia mpaka alipojifungua. Alama ya mwisho, ile yenye makali, ni Audace.

"Sasa mbona wale wa kwanza hukuwaletea?" nilimuuliza.

Alitoa mkono kwenye godoro akauweka mapajani.

"Nilikuwa na kisirani. Mulioana Kigali huku, hata mutu wa kuniambia hamukutuma, nilisikia kwa majirani. Nikasema hebu ikae tu kwa sanduku. Wa kwanza akaenda. Bado nikanuna. Wa pili akaenda." Aliokota kipande cha sponji akakibinya. "Wale ni mie, mwana wanje. Kila siku niko namuambia Mungu ni mie. Nikasema huyu wa tatu nitamuletea mwenyewe na miguu yangu. Sasa niambie, iko wapi?"

Nilimwambia. Muhima, mzee Gakwaya, sonara, moto. Hakupiga kelele. Alijifunika kitenge kichwani, akaegemeza paji la uso kwenye godoro.

Nilipaswa kumcheka, au kumhurumia. Nilikuwa nimetoka kuambiwa na mjuzi kwamba fedha ni fedha, ina uzito wake na bei yake na haina meno. Lakini mimi niliyeamini wiki nzima kwamba kile kitu kinaweza kuua, ningekataaje sasa kwamba kinaweza kulinda? Niliogopa kuliko siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilikuwa na mtu wa kumwogopa. Sasa nilikuwa na mikono yangu.

Nilimpigia Gakwaya simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye adabu.

"Mama, pole," alisema. "Imeshachanganyika na mikufu ya watu, na sonara ameanza kuivuta iwe uzi wa mikufu mipya. Hata mimi siwezi kukuambia ipi ni yako."

Nilipokata simu ndipo nilipogundua kwamba mtoto hajacheza tangu nilipokula sambusa. Nilimgusa kwa vidole. Nikamgusa tena. Mabukwe aliona mkono wangu unavyokwenda, akafunua kichwa, na kabla sijasema neno alikuwa ameshavaa kandambili zake.

Kituo cha afya tulikwenda tumeshikana, na sijui nani alikuwa anamshika mwenzake. Muuguzi, Mukandayisenga, alinilaza akapaka mafuta, akasogeza kile kidude cha kusikilizia huku na huku. Kilikuwa kinakwaruza tu. Mabukwe aligeukia ukutani. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sina. Kisha ukatokea, mbio mbio, moyo wa mtu mdogo anayekimbia asijue anafukuzwa na nini.

"Mtoto iko sawa," alisema Mukandayisenga. "Weye ndiyo mubaya. Presha iko juu, damu iko kidogo. Unakula nini?"

Nilimtazama Mabukwe, nikijua kwamba akisema ukweli ni haki yake.

"Hali vizuri," Mabukwe alisema. "Ni kosa yangu. Chakula yangu haina ladha."

Mukandayisenga alimfokea kidogo, mtu mzima kama yule, naye akapokea yote ameinamisha kichwa. Niliambiwa nirudi nyumbani nilale, ubavu wa kushoto, nisifanye kazi, nile kila ninachopewa, mpaka siku ya kujifungua. Nikichelewa kurudi kupimwa nisimlaumu mtu.

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Audace anajua habari ya presha tu, ameweka godoro jipya kutoka kwa rafiki yake, na anasema mama yake ameanza kuzeeka vibaya. Anasema hivyo kwa sababu ya jambo moja alilolikuta siku aliyorudi mapema. Kila siku yeye akishatoka kwenda Gisozi, Mabukwe hutandika mkeka sakafuni, kwenye kona yangu ya kitanda, akajisukuma mpaka nusu ya mwili iko uvunguni. Analala hapo, chali, chini yangu, mchana kutwa, akiinuka tu kunipikia. Nilimwambia sakafu ina baridi, na mgongo wake si wa kulala chini.

"Feza imeenda," alinijibu kutoka uvunguni. "Nimebaki mie."

Sikumwambia atoke. Nilitaka kumwambia, kwa sababu nina shule yangu na nilimsikia Gakwaya, na nilimsikia Mukandayisenga, na wote wawili walisema kweli. Lakini mchana mmoja nilishtuka usingizini nikasikiliza, na pumzi yake haikuwepo. Niliinamisha mkono, mkeka mtupu. Tumbo langu lilikaza lote kama jiwe. Nililala vile vile bila kugeuka, nikaita, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni.

Alikuja mbio na nguo mikononi, alikuwa uani anaanua tu. Alizitupa juu ya kiti, akapiga magoti kwa shida, akaingia mahali pake. Tumbo likalegea kidogo kidogo. Sikumwomba msamaha, ingawa nimedaiwa huo muda mrefu. Nilimwambia tu asitoke tena kabla hajaniamsha.